Herufi za websaiti zetu zinatunyima kusoma

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Tandahimba kwa mjomba, tumekaa barazani saa saba mchana, akanipa simu yake, "Hebu nisomee bei ya mnada hapo mwanangu, mi sioni kitu." Mjomba macho yake mazima kabisa, gazeti anasoma bila miwani. Shida ni ile websaiti, herufi ndogo, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, na jua la huku kusini mnalijua, hata mimi ikabidi niingie ndani ndo nisome.

Iliniuma kweli, maana kazi yangu ni hiyo hiyo. Natengeneza websaiti hapa Mtwara mjini, na wateja karibu wote wanaanza na rangi, logo, picha ya bahari ya Mikindani, ila herufi hakuna anayeuliza. Wakati mtu akifungua ukurasa anakuja kusoma! Brauza yenyewe, ile programu ya kufungulia websaiti, inakupa herufi za pikseli 16 (pikseli ni vile vidoti vya kupimia skrini), sasa unazishusha mpaka 12 ili iweje? Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya websaiti zisomeke na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma isipungue 4.5 kwa 1, kijivu kile cha mjomba sidhani kama kilifika hata 2 kwa 1. Na mistari iachie nafasi, mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, isibanane kama abiria wa daladala.

Kingine ni Kiswahili chenyewe. Templeti nyingi, yaani mifano ya kurasa iliyotengenezwa tayari, zimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, ukiweka "Tunawakaribisha" herufi 15 kwenye kichwa cha pikseli 48, simu ya upana wa pikseli 360 inalikata neno au ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto kulia. Kwa hiyo jaribu na maneno yetu tangu siku ya kwanza, usisubiri mwisho.

Halafu andika Ilulu, ule uwanja wa Lindi, kwa fonti ya Arial, yaani kwa mchoro huo wa herufi. I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili hivyo hivyo, mgeni atajuaje? Verdana, aliyoichora Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, I yake ina vikofia juu na chini so huchanganyi, ila simu za Android kwa kawaida haziji nayo. Mi siku hizi natumia fonti ya Atkinson Hyperlegible ya Braille Institute, shirika la Marekani la watu wasioona vizuri, ni ya bure, nachukua unene wa aina mbili tu, wa kawaida na wa kukoza, kwa sababu kila faili la fonti unaloongeza linakula bando la mtu wa Newala kabla hajasoma hata mstari mmoja.

Na sikabidhi tena kazi bila kutoka nje hapa Shangani, Mtwara, saa saba mchana na simu ya bei ndogo, mwanga wa skrini nusu, nikasoma ukurasa wote mpaka mwisho.