Mstari mmoja wa J, na mkia wa mgawanyo

Aliyesoma takwimu anakumbuka jedwali la nyuma ya kitabu: unatafuta 1.96, unakuta 0.975. Eneo hilo chini ya mkunjo wa kengele halina fomula fupi, kwa hiyo hata kompyuta hukadiria. Kijana wa Mlimani anayejifunza J, lugha ya programu ya safu (inayokokotoa orodha nzima ya namba kwa mpigo mmoja) waliyoianzisha Kenneth Iverson na Roger Hui mwaka 1990, ana njia mbili mbele yake za kukadiria eneo hilo, na kila moja ina watetezi wake.

Ya kwanza ni polinomia ya vigawo vitano (namba za kuzidishia vipeo) iliyomo katika kitabu cha majedwali cha Abramowitz na Stegun cha 1964, ambayo kosa lake halifiki 0.000000075. Kwenye J inakaa vizuri mno. Alama p. inakokotoa polinomia kwa orodha nzima ya namba, bila kitanzi. Ukizidisha na urefu wa mkunjo kwenye namba x unapata q, yaani eneo la mkia, sehemu iliyobaki nje ya x, lakini kwa namba chanya tu. Hasi je? Katika lugha nyingine ungeandika "kama". Hapa unakokotoa q kwa x bila alama yake ya minasi, unaandika |(x>:0)-q na mambo yamekwisha: ulinganisho (je, x ni sifuri au zaidi?) unaleta 1 au 0, q inapunguzwa kutoka hapo, kisha alama ya minasi, ikiwepo, inaondolewa. Mimi naona huo ndio uzuri wenyewe wa lugha za safu, ingawa mwenzako wa ofisini atakayeurithi mstari huo huenda asikubaliane nami.

Watetezi wa njia ya pili wanasema vigawo vya kunakili ni uvivu. J ina alama H. ya mfululizo wa haipajiometri, aina ya jumla ndefu ya namba zinazofuatana kwa kanuni, na kwa alama hiyo unapata jibu lenye tarakimu karibu zote ambazo mashine inaweza kubeba. Namba zinazojumlishwa humo zote ni chanya, hazifutani zenyewe kwa zenyewe kama katika mfululizo wa kawaida wa Taylor, ambao hubadilishana chanya na hasi. Katikati ya mkunjo, hoja yao haina jibu.

Tatizo liko pembeni. Mfululizo unatoa eneo la katikati, na mkia unaupata kwa kutoa kwenye 1. Kwenye -10 jibu la kweli ni kama 7.6 kwa kumi kipeo hasi 24, lakini kompyuta inayobeba tarakimu 16 itakupa sifuri tupu. Polinomia ya zamani, ile iliyodharauliwa, haitoi kitu kwenye 1 kwa upande huo, na inakosea kwa takriban asilimia 2 tu.

Kwa mazoezi ya darasani, yoyote itafaa. Lakini anayepima hatari za bima pale Posta, ambaye kazi yake yote iko mkiani, mfululizo peke yake utamwambia janga haliwezekani. Huyo namshauri atumie erfc, kitendakazi kilicho tayari kwenye maktaba za C na Python. Kinakokotoa mkia moja kwa moja, hata kama hakina raha ya kuandikwa.