Mteja Mkongomani hasubiri hadi tujue Kifaransa
Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wa Tanzania wamekuwa wakihimizwa kulichangamkia soko hilo. Ikija hoja ya lugha, jibu huwa jepesi: tuimarishe Kiingereza, yatosha.

Jibu hilo lina uzito. Mikataba mingi ya kimataifa huandikwa kwa Kiingereza, walimu wa Kifaransa ni wachache, na simu siku hizi zinatafsiri. Isitoshe, mtu wa Lubumbashi au Bukavu anajua Kiswahili. Ya nini kijana wa Kariakoo ajitese?

Ajitese kwa sababu biashara haiishii kwenye maongezi. Mkongomani huyo huyo akifika kwenye bei, mara nyingi anahesabu kwa Kifaransa. Mzigo uliopita Tunduma ukifika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, karatasi za forodha ni za Kifaransa. Sheria za biashara nazo ni za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika, nyingi zinazotumia Kifaransa, yenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Wakala wetu asiyezisoma anamtegemea dalali, na dalali hafanyi kazi bure.

Mwaka 2006, utafiti uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Ulaya ulihoji karibu kampuni 2,000 ndogo na za kati zinazouza bidhaa nje. Asilimia 11 zilisema zimewahi kukosa mkataba kwa upungufu wa lugha. Wapo wanaoiona idadi hiyo kuwa ndogo. Mimi inanitisha, maana hao ni waliojua kilichowaponza tu. Mnunuzi ambaye barua yake haikujibiwa, au aliyeona adabu zake hazikueleweka, harudi kutoa maelezo. Anahamia kwa mwingine, na hasara hiyo haimo kwenye daftari la mtu. Na hiyo ni Ulaya, ambako watoto wengi huanza lugha ya kigeni shule ya msingi!

Huyo mwingine kwetu ni bandari zinazoshindana na Dar es Salaam: Durban, Beira, na sasa Lobito ya Angola, ambayo reli yake inaungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya. Kweli, lugha haivuti kontena. Kina cha gati na reli ndivyo vinavyotangulia. Ila gharama na siku za safari zikikaribiana, mwenye shaba ya Kongo ataenda anakoelewana na watu.

Si lazima kila mwanafunzi asome Kifaransa. Waanze wanaosomea forodha, ugavi na uhasibu, wafundishwe kwa hati zenyewe: ankara, tamko la forodha, hati ya shehena. Kisha mafunzo kwa vitendo wayafanyie Lubumbashi.