Kick-Ass 3: nilikesha nacho, nikaambulia patupu

Mwandishi wa uhakiki, hapo uliposema katuni ya Kick-Ass 3 imeifunga hadithi kwa heshima, hatuko pamoja hata kidogo. Kitabu cha kwanza kilininasa kwa sababu Dave Lizewski, yaani Kick-Ass mwenyewe, hana nguvu zozote: kavaa vazi alilonunua mtandaoni, kaingia mtaani, kachomwa kisu, kagongwa na gari, kalazwa. Shujaa gani huyo! Ndiyo raha yake.

Sasa cha tatu kinaanza Hit-Girl, binti mpiganaji mwenzake, yuko gerezani na Dave ndiye wa kumtoa. Nikasema leo kazi ipo. Wapi! Jamaa kapata mpenzi, vazi kalitupa kabatini, na mashujaa wenzake wamebaki kupiga soga. Matoleo manane yale, nusu yake ungeweza kuyaruka na usipotee njia. Mwisho binti ndiye anayebeba mzigo wote, Dave anaenda zake kuwa polisi.

Michoro ya John Romita Jr. sina neno nayo, ngumi unaisikia mbavuni. Ila mtunzi wake, Mark Millar, naona alishachoka na watu wake, akamwaga damu tu ili amalize. Bahati yangu nilikiazima, sikukinunua.