Kwanza kabisa, sikupanda mashua

Kwanza kabisa, sikupanda mashua ya kuokolea. Najua mmesikia kwamba nilipanda, tena nikashushwa kwa kuvutwa mkanda wa suruali. Hayo ni maneno ya jamaa yangu, ambaye nilimpeleka melini mimi mwenyewe kama mwenzangu wa chumba, akala bure siku 12, na shukrani yake ndiyo hii. Leo asubuhi nafungua simu, nakuta jumbe 40 na picha ya mtu ndani ya boya la bata. Wewe uliyeituma nimekuona. Basi kaeni niwasimulie mwenyewe.

Kwa wageni humu: kazi yetu ya utoaji mada kwenye meli za kitalii, angalau hii ninayoifanya mimi, haina mshahara. Unapewa chumba na chakula, nawe unalipa kwa kuongea dakika 45 zile siku ambazo meli haitii nanga popote na abiria wamechoka kutazama maji. Saa nne asubuhi. Saa hiyohiyo ghorofa ya juu kuna bingo. Nani amewahi kuishinda bingo?

Mada yangu ya kwanza ilihusu pepo za baharini. Ukumbi wa viti 800, watu 23, na hapo namhesabu mzee mmoja aliyekuwa amelala kabla sijaingia. Baadaye mkurugenzi wa burudani akaniita pembeni, akaniambia kwa ule upole unaouma: "Mambo unayajua. Ila tia moto kidogo. Watu waamke." Waamke. Neno hilo lishikeni.

Akaongeza: "Na tafadhali, usituletee habari za meli kuzama." Nikamwomba slaidi moja tu ya Titanic, mwishoni, kwa ajili ya historia. Akanitazama sana, akakubali. Moja.

Mada ya pili niliiita "Meli Husema Nini?" Lugha ya honi. Hapa mnisamehe, maana hili ndilo penzi langu la kweli. Mke wangu analijua, ndiyo sababu alikataa kuja. Watu wakisikia meli inapiga honi hudhani inasalimia. Wapi! Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia meli kugongana, zinapoonana na zinataka kupishana, mlio mmoja mfupi maana yake "nakata kulia." Miwili, "nakata kushoto." Mitatu, "injini zangu zinavuta kinyumenyume." Mitano au zaidi, mifupi ya harakaharaka, ni "sielewi unataka kufanya nini," yaani kwa lugha ya barabarani, "wewe mzima kweli?" Mlio mfupi ni kama sekunde moja, mrefu ni sekunde nne hadi sita. Niambieni, mtu anayasikiaje haya akasinzia? Lakini walisinzia. Watu 31 siku hiyo, na vichwa vimeanza kuinama kabla sijafika mlio wa tatu.

Ndipo nikatoa kitarumbeta changu cha shaba. Nilikuwa nimekificha nyuma ya meza, nimekifunika kwa taulo la chumbani, najiona mjanja. Nikapiga mlio mmoja: mzee wa mstari wa tatu akafumbua jicho. Miwili: akafumbua la pili. Mitano: ukumbi mzima umekaa wima, mama mmoja wa mbele anapiga makofi. Moto nilioambiwa nitie, ukanishika mimi.

"Sasa ule mkubwa kuliko yote," nikasema. "Mlifundishwa juzi, siku tunaondoka. Nani anaukumbuka?" Kimya. Nikaumia kweli. Zamani zoezi hilo la kuwafundisha abiria kujiokoa liliweza kufanywa ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Kisha mwaka 2012 meli ya kitalii Costa Concordia ikalala ubavu pale kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na abiria wengine hata zoezi walikuwa hawajafanyiwa, na kanuni ikabadilishwa: lifanyike kabla ya safari au mara tu inapoanza. Watu wamefundishwa juzi tu na hawakumbuki! Nikajaza mapafu.

Hapa twendeni polepole, maana ndipo nilipojimaliza.

Mfupi. Mfupi. Mfupi. Naona kabisa mate yakirukia kipaza sauti. Mfupi. Mfupi. Kule nyuma fundi mitambo ananipungia mikono yote miwili. Nikadhani kanogewa, nikampungia. Mfupi. Wa saba ukatoka safi kuliko yote. Kisha mrefu, sekunde sita kamili, macho nimefumba, shingo imevimba kama ya jogoo.

Milio saba mifupi na mmoja mrefu. Ishara ya dharura kwa meli nzima.

Alichokuwa akinipungia fundi ni kwamba mada zetu hurushwa moja kwa moja kwenye televisheni za vyumbani. Niliambiwa. Nilisahau. Jambo la pili, ambalo nalo niliambiwa: ukumbi ule ndio kituo cha kukusanyikia cha abiria wa ghorofa tatu nzima.

Mimi nikaendelea, raha mustarehe. Nikafika Berlin mwaka 1906, ilipokubaliwa SOS, ishara ya kuomba msaada, nikaeleza kwamba si kifupi cha maneno yoyote, ni nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, kwa sababu ni rahisi kuituma na rahisi kuitambua. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wawili. Nikafurahi. Wakaingia watano. Halafu mlango ukawa haufungiki tena, watu wanamiminika, wanakaa, wananikazia macho. Tangu siku ya harusi yangu sijatazamwa hivyo.

Ningejuaje, jamani? Mimi nilijua sifa zimeenea. Nilijua kule juu bingo imevunjika. Koo likanikaba. Na hili jamaa yangu hakuwaambia kwa kuwa hakulijua: kwa dakika mbili hivi, hakukuwa na mtu mwenye furaha kama mimi baharini kote.

Walikuwa wamevaa rangi ya chungwa. Hilo niliona, si kipofu. Nikafikiri ni kikundi kimesafiri pamoja, wana sare yao.

"Karibuni, karibuni, viti vipo mbele!" nikawaita. "Mmefika wakati mzuri kabisa!" Nikabonyeza, ikatokea ile slaidi yangu moja. Titanic, pua imezama, nyuma iko juu. "Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912," nikanguruma, "saa tano na dakika arobaini, ikagonga barafu! Waendesha redio wake, Phillips na Bride, wakatuma CQD, ile ishara ya zamani ya kuomba msaada, wakatuma SOS! Saa mbili na dakika arobaini baadaye, meli haipo!"

Mama mmoja aliyevaa joho la kuogea, jaketi la kujiokolea juu yake, akanyoosha mkono. Akauliza kwa sauti ndogo sana: "Mwalimu, na sisi tumebakiwa na muda gani?"

Nikamtazama. Nikalitazama jaketi. Kamba zimefungwa sawasawa, kama ilivyofundishwa, na filimbi inaning'inia begani. Nikamtazama wa pembeni yake. Filimbi. Wa nyuma yake. Filimbi. Ukumbi mzima, filimbi. Mkononi mwangu, kitarumbeta.

Yaliyobaki ni mafupi. Nahodha akatangaza mara mbili kwamba hakuna dharura yoyote, hakuna aliyeumia, kitarumbeta kikachukuliwa, nikatia saini karatasi ambayo sikuisoma, bingo ikaanza upya. Kisha ofisa usalama akanipeleka sitahani kunionyesha watu wangekimbilia wapi endapo kweli wangechanganyikiwa, na huko ndiko jamaa yangu alikopigia ile picha. Itazameni vizuri. Nimesimama KANDO ya mashua. Mkanda nimeushika mwenyewe kwa sababu ya upepo.

Mada ya tatu nilipangiwa ndege wa baharini, bila chombo chochote cha kupulizwa. Waliokuja ni 212, fundi ndiye aliyehesabu. Mstari wa mbele alikuwepo yule mama wa joho, safari hii kavaa vizuri, jaketi lake kalipakata mapajani.

"Endelea tu, mwalimu," akaniambia, anaichezea filimbi. "Mimi leo nimejiandaa."