Jua la zambarau ni la wapi?

Mwezi uliopita niliombwa bango la usiku wa kusikiliza taarab za kwenye kaseti, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mwenye shughuli alitaka "mtindo wa miaka ya 80". Nikampa kile ambacho sote tumezoea kukiona kwenye simu: jua kubwa la zambarau, mistari ya waridi inayong'aa, minazi myeusi, na mikwaruzo ya video juu yake. Mama akalitazama, akauliza, "Sasa jua hili la zambarau ni la wapi, mwanangu?"

La Miami. Mimi mzaliwa wa Kibokoni, hapa hapa Mji wa Kale. Swali lile lilininyima usingizi.

Kesho yake nikafungua sanduku la kaseti zake, nikatoa moja ya mwimbaji wa taarab Juma Bhalo, aliyetuacha mwaka 2014. Kava lake ni kikadi cha sentimita 10 kwa sita na nusu. Picha imepigwa fotokopi hadi uso umebaki weusi na weupe mtupu. Jina limechorwa kwa mkono, na rangi ya kijani, rangi pekee iliyopo, imeteleza kidogo nje ya mstari. Ndani, kwa kalamu ya Bic, Mama ameorodhesha nyimbo. Wa mwisho ameubana pembeni, nafasi ilimwishia.

Hakuna aliyekuwa akitafuta uzamani pale. Rangi ilikuwa moja kwa sababu ya pili ni gharama. Weusi ulikuwa mzito kwa sababu mashine haikuweza kijivu. Uzuri wote ule ulizaliwa na ufinyu. Sisi leo tunaiga madoa, na ufinyu wenyewe tunaukimbia. Programu inakumwagia vumbi kwa kugusa mara moja, na kila bango, liwe la Mombasa au la Chicago, linatoka sura moja.

Na ufinyu si mgeni kwetu. Tazama kanga za Mtaa wa Biashara: pindo, mji, jina, rangi mbili tatu. Sheria hizo hazijabadilika kwa miaka mingi, na bado kila msimu mama zetu wanapata kanga ya kugombania.

Basi nikaanza upya. Wino wa rangi mbili, picha moja, herufi za mkono, umbo la kava la kaseti. Hata ratiba nikaomba ifuate kaseti ya dakika 60, ile iliyoletwa na Philips mwaka 1963: nusu saa Upande A, nusu saa Upande B, na katikati, wakati wa kugeuza, kahawa tungu na haluwa. Mwenye shughuli alisita, kisha akakubali.

Orodha ya nyimbo nilimwomba Mama aiandike. Alikaa barazani na kalamu yake, akaandika taratibu, na wimbo wa mwisho akaubana pembeni.