Jenerali Martini: hakusikia, au hakusikilizwa?

Mwanzoni mwa Agosti 1939, mwezi mmoja kabla ya Vita ya Pili ya Dunia kuanza, puto kubwa la Ujerumani lenye injini, Graf Zeppelin LZ 130, lilipita taratibu kando ya pwani ya mashariki ya Uingereza. Lilikuwa na urefu wa mita 245, na ndani yake walikaa mafundi waliovaa hedifoni, wakipekua masafa ya redio moja baada ya jingine. Walitumwa kujua ile minara mirefu ya chuma iliyosimikwa pwani inafanya kazi gani. Safari hiyo ilitokana na Wolfgang Martini, mkuu wa mawasiliano wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani. Walirudi mikono mitupu. Minara ilikuwa ya rada, na mwaka uliofuata ndiyo iliyowaonyesha marubani wa Uingereza adui anatokea wapi, huku bado yuko mbali.

Kwa safari hiyo moja, wapo wanaomhesabu Martini kama afisa aliyeshindwa kazi yake ya msingi. Wengine wanamtetea kwamba alikuwa fundi hodari aliyewekwa chini ya wakubwa wasiotaka kusikia. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, ila vipande hivyo havilingani uzito.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa 1891 Lissa, mji ambao leo uko Poland kwa jina la Leszno, akaingia jeshini 1910 katika kikosi cha telegrafu. Vita ya kwanza ilimkuta kwenye redio. Luftwaffe ilipoundwa alishika mawasiliano yake, na hakuyaachia hadi jeshi lenyewe liliposambaratika 1945. Ni maafisa wachache mno wa ngazi hiyo waliodumu kwenye kiti kimoja muda wote huo.

Sasa kosa la 1939. Rada za Wajerumani wenyewe zilitumia mawimbi mafupi: Freya karibu mita 2.4, Würzburg karibu sentimita 53. Waingereza walitumia mawimbi ya zaidi ya mita 10, na mitambo yao ilirusha mapigo 25 kwa sekunde, yakienda sambamba na umeme wa gridi ya taifa. Kwenye hedifoni, sauti hiyo ilifanana na mvumo wa nyaya za umeme. Mafundi waliisikia wakaipuuza, kwa sababu walikuwa wakitafuta kwa jirani kitu kinachofanana na cha kwao. Hapa sioni pa kumtetea Martini. Afisa wa mawasiliano kazi yake ni kudhani kwamba mwenzake huenda amepita njia nyingine kabisa, hata kama njia hiyo inaonekana ya kizamani.

Lakini habari haikuishia hapo, na wanaomlaumu hupenda kusimama hapo. Ufaransa ilipoanguka, watu wa Martini waliweka vituo vya kusikiliza kwenye pwani ya Ufaransa, na kufikia Julai 1940 walikuwa wanajua kwamba ndege za Uingereza zinaongozwa kutoka ardhini kwa msaada wa minara ile. Tarehe 12 Agosti minara ikashambuliwa. Dover, Rye na Pevensey vilirudi hewani ndani ya saa chache. Ventnor, kwenye Kisiwa cha Wight, kiliumia vibaya na kikawa kipofu kwa siku kadhaa. Waingereza wakaleta mtambo wa kurusha mawimbi matupu, usioweza kuona chochote, ili adui adhani kituo ni kizima. Wasikilizaji ng'ambo ya pili wakasikia mawimbi, wakaamini. Siku tatu baadaye Hermann Göring, mkuu wa Luftwaffe, aliwaambia makamanda wake kwamba haoni faida ya kuendelea kupiga vituo vya rada, maana hakuna hata kimoja kilichozimika.

Uamuzi ule ulikuwa wa Göring, na ulikuwa mbovu. Hata hivyo ulijengwa juu ya taarifa ya masikio yaliyodanganywa. Kwa hiyo lawama ya Agosti 1940 naigawa kwa wote wawili.

Februari 1942 ndiyo inayonionyesha uwezo halisi wa mtu huyu. Meli tatu kubwa za kivita za Ujerumani, Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen, zilitakiwa kutoka bandari ya Brest, Ufaransa, na kupita mlango-bahari wa Dover mchana kweupe. Martini hakusubiri siku ya safari ndipo avuruge rada za Uingereza. Alianza mapema, kidogokidogo. Mfikirie opereta aliyekaa mbele ya kioo chake: leo chenga kidogo kwa dakika chache, kesho zimeongezeka, keshokutwa tena. Akazoea, akadhani ni hali ya hewa. Tarehe 12 kioo kilipojaa chenga, hakushtuka haraka. Meli zilionekana kwa kuchelewa mno. Ndege sita za Uingereza aina ya Swordfish zilizotumwa kuzizuia ziliangushwa zote, na katika watu 18 waliokuwamo walikufa 13. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na inaniuma kuusifu ustadi huo nikikumbuka vijana wale.

Halafu kuna Hamburg. Usiku wa Julai 24 kuamkia 25, 1943, ndege 791 za Uingereza zilitumwa kuupiga mji huo wa Ujerumani, zikimwaga angani mafungu ya vipande vya karatasi vilivyopakwa alumini. Kila kipande kilikuwa na urefu wa sentimita 27 hivi, nusu ya wimbi la Würzburg, na kwenye rada kila fungu lilionekana kama ndege. Zilianguka 12 tu. Katika mashambulizi ya siku zilizofuatia, moto uliua zaidi ya watu 30,000 katika mji ule.

Wajerumani walikwisha kuvijaribu vipande hivyo wenyewe, wakiviita Düppel. Göring alipoelezwa aliamuru majaribio yasimame na taarifa zifungiwe, akihofia Waingereza wasije wakaiba siri. Haki inanitaka niseme kwamba Waingereza nao waliizuia silaha hiyo zaidi ya mwaka, kwa hofu ileile. Tofauti ni kwamba wao waliendelea kuichunguza. Fundi aliyekatazwa hata kutafuta dawa hawezi kulaumiwa mgonjwa akifa.

Wanaomtetea wakifika hapa huanza kumhurumia. Mimi siwafuati huko. Alitumikia utawala wa Hitler kwa miaka 12, na kila taarifa yake iliyopuuzwa iliokoa watu mahali fulani. Naweza kusema alionewa kikazi bila kutamani kwamba angesikilizwa.

Upande wa pili alikuwapo Edward Addison, naye afisa wa mawasiliano. Mwaka 1940 alipewa kikosi namba 80 cha kupotosha mawimbi yaliyoongoza ndege za Ujerumani usiku. Novemba 1943 akakabidhiwa Kundi namba 100, lenye ndege zake, marubani wake na mitambo yake ya kuvuruga rada. Martini, mwenye cheo kikubwa kuliko chake, alibaki kusikia, kuandika ripoti na kungoja jibu la Göring.