Msanii Asiyejulikana

Shangazi alinunua kile kimashine cha muziki kwa sababu moja tu: siku ya harusi ya binti yake hakutaka simu ya mtu ichomekwe kwenye spika. Simu huita, na ikiita taarabu imepamba moto, kina mama wametoa noti za kutunza, basi raha yote imekatika. Siku mbili kabla ya harusi akaniletea kimashine, memori kadi ya GB 32 na simu yake.

"Baba, niwekee humo sauti zote zilizomo kwenye WhatsApp yangu. Usibague."

Sikubagua.

Nikachomeka kadi kwenye simu, nikafungua programu ya mafaili, nikashuka: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Humo folda zenye sauti ni mbili. WhatsApp Audio inakaa nyimbo anazotumiwa na mashoga zake, nyingi majina yake yanaanza na AUD, kisha tarehe, kisha WA na namba. WhatsApp Voice Notes inakaa voisi, alizopokea na alizotuma, majina yanaanza na PTT, zimepangwa ndani ya vifolda vya wiki. Nikanakili hii ya pili nzima kwenye kadi, nikaibatiza jina "Muziki", halafu nyimbo nazo nikazimwaga humo humo. Kuunda folda nyingine kungenila sekunde nne.

Kadi ikaingia kwenye kimashine. Maktaba ikasoma: nyimbo 3. Zile tatu za majaribio, kinanda kitupu, zilizokuja nacho kutoka kiwandani.

Vimashine vingi vya siku hizi ndani yake ni Android iliyokatwa mikono, na maktaba yake ni kama daftari la duka. Ukifungua maktaba, mwenye duka hapandi ngazi kuchungulia rafu, anasoma daftari. Kuna karani mmoja anayepita kwenye kadi, anafungua kila faili, anasoma tagi zake (msanii, albamu, jina la wimbo) na kuandika. Mzigo ukiwa rafuni na daftari halina habari, kosa ni la karani. Kipimo chake ni rahisi: ingia kwa njia ya mafaili, gusa wimbo mmoja. Wa kwangu ukaimba vizuri sana. Kwa hiyo kadi ni nzima, faili ni zima, na mtu mwenye akili angeacha kuilaumu kadi hapo hapo.

Mimi nikailaumu kadi. Nikaipeleka kwenye kompyuta nikaipima kwa h2testw, programu inayojaza nafasi yote iliyobaki kisha kuisoma tena, ili ijulikane kama GB zilizoandikwa kwenye ganda zimo kweli au ni maneno ya muuzaji. Kadi inayoandika MB 10 kwa sekunde inakula karibu saa nzima kuandika GB 32, na bado hujaanza kusoma. Ikafaulu. Nikaiangalia kwa jicho baya vivyo hivyo.

Nikazima na kuwasha. Nyimbo 3. Nikatoa kadi, nikairudisha. 3. Nikabonyeza "sasisha maktaba" mpaka kidole kikaota joto. Saa 6 usiku nikatoa silaha kubwa: Mipangilio, Programu, onyesha programu za mfumo, nikaitafuta ile inayotunza daftari, kwa Kiingereza Media Storage, nikafuta data yake yote, nikawasha upya. Hii humlazimisha karani kuanza ukurasa wa kwanza, na ukiwa na orodha ulizojipangia mwenyewe, ujue zinakwenda nayo. Nikasubiri dakika 10.

Nyimbo 3. Kinanda.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Shangazi nilipogusa, kwa hasira tu, "onyesha mafaili yaliyofichwa". Ndani ya folda yangu ya "Muziki" kikatokea kifaili ambacho sikukiweka: .nomedia. Kinaanza na nukta. Uzito wake baiti 0. Ndani hamna hata herufi moja, na hakihitaji. Jina lake peke yake ni amri. Karani akikikuta mlangoni hageuki hata kuangalia, anaipita folda na vifolda vyote vilivyomo. WhatsApp hukiweka makusudi kwenye folda ya voisi, ili mazungumzo ya watu yasije yakaonekana kwenye orodha ya nyimbo.

Sentensi hiyo ya mwisho niliijua. Niliijua vizuri kabisa. Nikakifuta.

Kufuta peke yake hakumwamshi karani, nikawasha upya. Namba zikaanza kupanda: 40, 300, 700. Shangazi aliniambia nyimbo zake ni 61. Kioo kikasimama kwenye 973. Nikasema Mungu akikupa hakuandikii barua, nikalala.

Harusini kimashine kilianza saa 1 asubuhi, waya wa auksi kwenye spika mbili kubwa, "Nyimbo zote", kwa mfuatano wa alfabeti. Faili lisilo na tagi huchukua jina lake la faili kuwa jina la wimbo, kwa hiyo AUD zilitangulia, zikafuata zenye majina ya B, ya H, ya M. Taarabu ya dakika 10 si kitu. Nyimbo 42 zikatufikisha saa 8 mchana. Kina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshakaa mkekani, sinia za biriani zimetua, alfabeti nayo imefika P.

Tena Shangazi alinunua simu ile mwezi wa mahari. Kwa hiyo PTT ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwezi wa mahari.

"Sasa dada," spika zikasema, kwa sauti ya Shangazi, "mahari gani ya kuletwa kwa mafungu? Utadhani wanakopa friji."

Mikono ikasimama juu ya biriani. Shangazi aliruka, sikuwahi kumwona akiruka, akabonyeza kitufe cha kwenda mbele. Lakini yeye voisi zake hutuma kwa vipande, na namba za PTT hufuatana.

"Na ule mkufu, dada, nimeupeleka kwa sonara. Sonara kacheka."

Nilipofika nikachomoa waya. Kimya. Mama yake bwana harusi akanawa mkono taratibu, akaja, akakichukua kimashine, akakisogeza mbali na macho ili asome. Kioo nilikiweka kwa Kiswahili mwenyewe, Shangazi asisumbuke.

"Msanii asiyejulikana," akasoma. Akamtazama Shangazi. "Ana sauti nzuri. Hana nyimbo nyingine?"

Zilikuwa zimebaki 907.